Ukwapi Husikika, Utao Hunyakuliwa

Kaka yangu ni malenga. Ameandika mashairi tangu ujana wake, na mpaka leo akikutana na mshororo wenye mizani kumi na tano hushika tama kama mtu aliyefiwa. Binti yangu ana miaka 19, na tangu Ramadhani iliyopita amekuwa akisoma kwenye simu yake hadithi moja ya picha ya Kijapani yenye juzuu 50. Hadithi za namna hiyo huitwa manga. Kwa mtu wa Tanga wa rika la kaka yangu, neno hilo lilikuwa na maana moja tu, Uarabuni, ndiyo maana tuna pilipili manga na komamanga, kwa hiyo siku ya kwanza alidhani mpwa wake anasoma habari za Omani.

Hadithi yenyewe ni Chihayafuru. Mwandishi na mchoraji wake ni Yuki Suetsugu, na ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Be Love kuanzia Desemba 2007 hadi Agosti 2022. Inahusu mashindano ya karata, na karata hizo zimeandikwa mashairi. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, barazani kwangu, baada ya sala ya Isha, ukaendelea siku tatu. Nauandika nilivyousikia. Pale nilipoingilia, nimejiandika pia.

MJOMBA: Haya, mwanangu, nieleze kama unavyomweleza mgeni. Shairi linachezwaje karata?

BINTI: Yako mashairi 100, Mjomba. Aliyeyachagua ni Fujiwara no Teika, mshairi wa Kyoto, mnamo mwaka 1235, shairi moja kwa kila mtunzi. Kila shairi lina mizani 31. Juu 17, chini 14.

MJOMBA: Ukwapi na utao.

BINTI: Tuseme hivyo, ingawa vyao havilingani kama vyetu. Sasa, karata za kuchezea zina ile sehemu ya chini peke yake. Wachezaji wawili wanapiga magoti wakitazamana, karata ziko jamvini katikati yao. Kati ya 100 wanatumia 50 tu. Kila mmoja anapanga zake 25 kwa safu tatu, kisha wanapewa dakika 15 wakariri kila moja iko wapi. Msomaji anaghani shairi kuanzia juu. Anayelitambua kwanza anaipiga ile karata yenye mwisho wake. Ukiipata upande wa mwenzio, unamhamishia moja ya kwako. Atakayemaliza za upande wake kwanza ndiye mshindi.

MJOMBA: Na zile 50 nyingine?

BINTI: Zinaweza kusomwa pia, lakini hazimo jamvini. Ikisomwa moja kati ya hizo na wewe ukagusa karata, umekosea. Mpinzani anakupa karata yake moja, mzigo wako unaongezeka.

MJOMBA: Vizuri. Kwa hiyo wanakaa wanasikiliza shairi.

BINTI: Hapa ndipo utakapokasirika. Hawangoji lote. Ziko karata 7 zinazojulikana kwa silabi ya kwanza tu, kwa kuwa hakuna shairi jingine linaloanza nayo: mu, su, me, fu, sa, ho, se. Msomaji akitamka "mu", karata imekwisha ruka.

MJOMBA: Na shairi?

BINTI: Msomaji anaendelea, analimaliza.

MJOMBA: Analimaliza kwa nani?

Swali hilo lilinikaa moyoni. Kaka yangu hakulitoa kwa kejeli. Alilitoa kama mtu anayeuliza habari za ndugu aliyeachwa njiani, na binti yangu, ambaye kwa kawaida hana uhaba wa majibu, alikaa kimya akizungusha kikombe cha kahawa.

MJOMBA: Mimi ubeti mmoja naweza kuuhangaikia siku nne. Kina cha kati kimekaa, cha mwisho kinagoma. Nikikipata, ninakuwa nimeweka humo jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu kwa mdomo. Halafu aje kijana, asikie silabi moja, aukate ubeti kichwa, aondoke nacho mbio akidai ameshinda? Umeniambia mwenyewe kwamba katika hayo 100, mashairi 43 ni ya mapenzi, na 21 ni ya wanawake. Watu waliongoja usiku kucha mtu asiyekuja. Miaka mia nane baadaye kilio chao kimefanywa kipyenga cha kuanzishia mbio.

BINTI: Mjomba, naomba nikuulize kwa heshima. Mashairi ya Kiswahili mangapi mimi nayajua kwa moyo?

MJOMBA: Unajua mwenyewe.

BINTI: Mawili, na yote umenifundisha wewe. Diwani niliyosoma shuleni niliisoma kwa ajili ya mtihani, nikafanya mtihani, nikaisahau kabla sijafika nyumbani. Nilieleza dhamira, nikaeleza tamathali, nikapata alama. Maana yote niliijua, ila shairi lenyewe sikubaki nalo. Wale vijana wa kwenye hadithi wanayo 100 kichwani na mikononi. Huyo aliyeyakata vichwa ndiye ameyahifadhi.

Niliona nitie neno, maana kuna jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilipita. Wajapani huuita mchezo huo karuta. Neno lao na neno letu karata ni ndugu wa baba mmoja, yaani carta ya Wareno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na Japani mwaka 1543, na kote walikopita waliacha karata za kuchezea. Sisi tukabaki na kopa, uru, shupaza na pau, na turufu juu yake, yote maneno yao, na mchezo wenyewe tukauweka vibarazani. Wajapani walichukua karatasi ile ngumu wakaiandika mashairi yao ya kale, yaliyokuwa yamekwisha kuzeeka karne tatu na zaidi. Kabla ya hapo walikuwa na mchezo wa kulinganisha makombe ya pwani, kutafuta nusu inayooana na nusu. Kwa hiyo walichofanya kwa karata ya mgeni ni kuirudisha kwenye mchezo wao wenyewe. Nikamwuliza kaka yangu kama anaona hapo shairi lilidhalilishwa au lilipewa mahali pa kukaa. Akasema ataliwaza. Usiku ule tuliishia hapo.

Siku ya pili alikuja na hoja mpya, na nilijua ameisoma hadithi, maana alianza kutaja majina.

MJOMBA: Huyu Chihaya wa kwenye hadithi nimemwona. Juzuu ya kwanza nimeifungua kwenye simu ya mwanangu, macho yakauma, lakini nikafika mahali. Swali langu ni hili. Juzuu 50 za watu kupiga karata! Wanapiga magoti, msomaji anasoma, mkono unaruka. Wanashinda au wanashindwa. Hiyo si hadithi moja inayorudiwa mara mia?

BINTI: Ungekuwa umefika mbali kidogo ungeona kwamba hakuna mechi mbili zinazofanana, na sababu ni ya kishairi kabisa. Shika hii. Ziko karata tatu zinazoanza na "chi". Mbili zinaanza "chigiri", na moja ni "Chihayaburu", ambayo imebeba jina la Chihaya mwenyewe na ndiyo karata aipendayo kuliko zote. Mwanzo wa mchezo huwezi kuigusa mpaka usikie "chiha". Lakini zile mbili zikishasomwa, "chi" peke yake inatosha. Kwa hiyo kila shairi linalosomwa linafupisha jingine. Mchezaji hakariri tu karata ziko wapi, anakariri pia zipi zimekwisha kupita, na kichwani mwake mashairi yanabadilika urefu kila dakika. Na mwanzo ule wa "a" una mashairi 16!

MJOMBA: Kumi na sita?

BINTI: Kumi na sita. Na yapo mashairi sita yanayokwenda mawili mawili, yanafanana silabi tano za mwanzo, yanaachana kwenye ya sita. Mkono umeinuliwa, unasubiri. Mtu anayengoja silabi ya sita, Mjomba, anaisikiliza kuliko mimi nilivyowahi kusikiliza shairi lolote.

Hapa lazima niseme langu kama msomaji. Nami nimezisoma, si zote, na kinachonishangaza katika kazi ya Suetsugu ni jinsi anavyochora sauti. Karatasi haina sauti. Mchezo wenyewe unaamuliwa na sauti ndogo mno, pumzi inayotangulia konsonanti, na yeye amepewa wino mweusi na nafasi nyeupe tu. Anachofanya ni kupunguza. Maneno yanatoweka, nyuso zinatoweka, linabaki sikio, unywele uliosimama, ncha ya kidole. Kisha karata iko hewani na jamvi limetikisika, nawe msomaji unagundua ulikuwa umezuia pumzi. Sijui riwaya ya maneno matupu ingewezaje jambo hilo. Kuna bingwa mmoja humo, Suo, anayeogopwa kwa usikivu wake, na kadiri hadithi inavyosonga tunajua kwamba macho yake yanamwacha. Mwandishi hakumpa sifa ya kusikia kama kipaji cha kujivunia tu. Alimpa kama kitu atakachobaki nacho.

Kaka yangu alisikiliza maneno hayo, kisha akatoa lile alilokuwa amelificha.

MJOMBA: Dada, na huyo mchoraji wako unayemsifu? Nimeambiwa na kijana mmoja wa mtaani kwamba aliiba picha.

Ni kweli, na sikutaka kulifunika. Mwaka 2005 ilibainika kwamba Suetsugu alikuwa amenakili michoro ya wengine katika kazi zake za awali, ikiwemo ile ya hadithi ya mpira wa kikapu Slam Dunk. Mchapishaji aliziondoa kazi zake sokoni, mfululizo aliokuwa nao ukakatishwa, naye akaomba radhi. Miaka miwili baadaye ndipo alipoanza Chihayafuru.

MJOMBA: Mshairi akiiba mshororo wa mwenzake, kwetu hasemeshwi.

BINTI: Naye alikaa kimya, Mjomba. Lakini angalia alichoandika aliporudi. Mwanzoni kabisa, watoto wakiwa darasa la sita, kuna mashindano ya shule. Arata, yule mgeni kutoka Fukui, anachezea karata kama mtu aliyezaliwa nazo. Taichi, mtoto wa watu, mzuri wa sura na masomo, anaogopa kushindwa mbele ya mama yake. Anamwibia Arata miwani. Na mwandishi hamfukuzi Taichi kwenye hadithi. Anambakiza juzuu zote 50, na lile kosa anambakizia nalo. Anacheza nalo, anashindwa nalo, anajifunza kupoteza kihalali, polepole sana, na mimi ndiye ninayempenda kuliko wote.

MJOMBA: Kwa hiyo anajitetea.

BINTI: Sioni kujitetea. Katika karuta ukikosea hutolewi nje. Unapewa karata moja, unaiweka mbele yako, unaendelea kucheza ukiwa na mzigo zaidi. Nadhani anaijua vizuri hiyo karata.

Sikuweza kuamua nani kati yao alikuwa na haki, na sidhani kwamba jambo hilo lina hukumu moja. Wenye michoro iliyonakiliwa walidhulumiwa, na uzuri wa kazi ya baadaye haulipi deni hilo. Lakini nilipomsikia binti yangu akieleza, nilikumbuka jambo jingine la mchezo huo ambalo kaka yangu alikuwa hajalisikia, nikamweleza. Mechi nyingi za karuta hazina mwamuzi. Mikono miwili ikigusa karata pamoja, wachezaji wenyewe wanazungumza: nani alitangulia, kidole kilipita upande gani. Wanaafikiana au mmoja anaachia. Katika hadithi, mapatano hayo madogo yanamwonyesha mtu kuliko ushindi wake. Yupo anayebisha kila mara ili kumchosha mwenzake. Yupo anayeachia karata yake halali kwa sababu hataki kupoteza utulivu wa sikio.

Kaka yangu aliuliza kama kweli mchezo huo una watu au ni mambo ya kwenye vitabu. Nikamwambia mwenye gazeti mmoja wa Tokyo, Kuroiwa Ruiko, ndiye aliyeziunganisha kanuni na kuitisha shindano mwaka 1904, jambo linalonipa furaha kidogo mimi mwandishi wa majarida. Ubingwa wa Meijin ulianza mwaka 1955, wa wanawake, unaoitwa wa Malkia, mwaka 1957. Kila Januari unashindaniwa Omi Jingu, hekalu lililojengwa mwaka 1940 huko Otsu, kando ya Ziwa Biwa, na kila Julai wanafunzi wa sekondari wanakutana huko huko, timu ya watano dhidi ya watano. Mahali pamechaguliwa kwa sababu hapo anaenziwa Mfalme Tenji, ambaye shairi lake kuhusu kibanda cha kulindia mpunga ndilo la kwanza katika yale 100. Hadithi hii ya picha iliwaleta vijana wengi kwenye mchezo uliokuwa wa wachache, na mwaka 2019 Suetsugu alianzisha mfuko wa kuusaidia.

MJOMBA: Mbio zinafanyiwa nyumbani kwa mtunzi. Hapo wametenda adabu.

Siku ya tatu ndiyo iliyogeuza mambo, na aliyeyageuza hakuwa mimi.

MJOMBA: Nimeliwaza, na bado nasimama pale pale. Kuna yule msichana Kanade, mtoto wa duka la kimono. Yeye ndiye mtu wangu. Aliingia kwenye chama cha karuta kwa mapenzi ya mavazi ya kale na mashairi, na anawauliza wenzake mnajua anayezungumza hapa ni nani, alikuwa wapi, alimpenda nani? Huyo peke yake ndiye anayesoma. Wengine wanawinda.

BINTI: Lakini Mjomba, mwandishi ndiye aliyemweka Kanade humo. Angeweza kuandika hadithi ya wawindaji tu. Na Chihaya anaanza kubadilika akishasikia maelezo yake. Karata zilizokuwa alama kwake zinapata rangi. Anazitambua haraka zaidi baada ya hapo.

MJOMBA: Baada ya hapo. Maana ingetangulia.

BINTI: Wewe ulianza na maana?

MJOMBA: Wapi?

BINTI: Chuoni. Ulipokuwa mdogo, kwa mwalimu wako. Ulijua Kiarabu?

Kaka yangu alinyanyua macho. Nilitaka kumkanya binti yangu, maana niliona anakokwenda, na ni mahali pa kukanyaga kwa uangalifu.

MJOMBA: Usiyalinganishe Maneno ya Mwenyezi Mungu na mchezo.

BINTI: Nisamehe, Mjomba, siyalinganishi, wala sitathubutu. Nalinganisha sikio la mtoto. Ulihifadhi kwanza, kwa kusikia na kurudia, miaka mingi kabla hujaambiwa maana. Uliniambia mwenyewe kwamba maana ilipokuja ilikuta nyumba imekwisha jengwa. Na kwenye mashindano ya kuhifadhi, jaji anafanya nini? Anasoma mwanzo wa aya, ananyamaza, na mtoto anaendelea. Na mtoto aliyehifadhi vizuri anateleza wapi?

Kaka yangu alikaa muda mrefu. Yeye alisimama kwenye mashindano hayo akiwa na miaka 12, na kila mtu wa ukoo wetu anajua alipotelezea.

MJOMBA: Kwenye aya zinazofanana. Unaanza sura hii, unajikuta umetokea sura nyingine. Njia ni moja mpaka neno fulani, hapo zinaachana. Ukilipita neno hilo bila kulisikia, umepotea.

BINTI: Silabi ya sita.

Hakumjibu. Aliomba maji. Alipokunywa, alianza kusimulia jinsi mwalimu wao alivyokuwa akiwapanga wawili wawili, mmoja anaanza, mwenzake anadakia, na jinsi walivyokuwa wakishindana njiani wakirudi nyumbani jua likizama, si kwa zawadi, ila kwa sababu kudakia kulikuwa kutamu. Mimi ni dada yake wa tumbo moja na simulizi hiyo sikuwahi kuisikia. Akasema pia kwamba siku aliyoteleza ndiyo siku aya ile ilipomwingia, na hajaisahau mpaka leo. Nami naamini hapo ndipo alipo mchezaji wa karuta anapopeleka mkono kwenye karata isiyo yake. Shairi alilolikosea mbele za watu halitamtoka tena. Silabi inayolikata shairi kichwa mchezoni ndiyo mpini wa kulishikia maisha yote, na kijana akiwa na mipini 100 mkononi, Kanade mmoja akitokea katika maisha yake anamkuta ana pa kuanzia. Kwetu tunawapa watoto maana bila mpini, kisha tunalalamika kwamba shairi limewaponyoka.

Nikaliuliza la mwisho, maana lilikuwa linanisumbua. Lile swali la siku ya kwanza, msomaji analimaliza shairi kwa nani?

BINTI: Kwa wachezaji, Mama. Wakishapiga karata wanazipanga upya safu zao, wanapumua, ndipo mwisho wa shairi unapita juu yao. Maana utaratibu ni kwamba msomaji akitaka kuanza jipya husoma kwanza sehemu ya chini ya lililopita, ananyamaza kidogo, ndipo analeta jingine. Hakuna shairi linaloanza bila kumfuata mwenziwe. Na kabla ya la kwanza kabisa, anasoma moja lisilokuwemo katika yale 100, ili masikio yatulie.

MJOMBA: Kama utenzi unavyofunguliwa kwa jina la Mola. Hilo hukuniambia siku ya kwanza.

BINTI: Siku ya kwanza ulikuwa na hasira.

Saa nne usiku nilidhani amekwenda kulala. Nilimkuta bado yuko barazani na daftari lake la zamani, lile la jalada la bluu, akipekua kwa kidole kilicholowa mate, na binti yangu akimwangazia kwa simu. Alikuwa anahesabu mianzo ya beti zake mwenyewe. Kiswahili, alilalamika, hakifai kwa mchezo huu, kwa sababu kila kitu kinaanza na viambishi. Beti 11 zilianza na "ni". Zilizoanza na "wa" aliacha kuzihesabu. Silabi ya kwanza haimwambii mtu chochote isipokuwa ngeli.

"Hizo zitakuwa ngumu, na ngumu ndizo nzuri," binti yangu alimwambia.

"Na hizi mbili? Tazama. 'Chombo changu kinakwenda', hii niliiandika nikiwa kijana. 'Chombo changu kimekwama', hii ya mwaka juzi. Hesabu."

Binti yangu alihesabu kwa vidole, akirudia pole pole, cho-mbo-cha-ngu-ki, akasimama.

"Zinaachana kwenye ya sita, Mjomba."

"Kwenye ya sita," akasema, akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya "na", kisha chini ya "me".